Mahali pa Kumpeleka Gires

Barking, 6 Oktoba 2024

Kaka Ghislain,

Nakusalimu sana, wewe na wifi yangu Emérence na watoto wote. Sisi huku tunaamka, hilo ndilo naweza kusema. Plamedie wangu ameingia darasa la pili. Meno ya mbele yameng'oka yote na akizungumza anakutemea mate. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na hivyo ndivyo tunavyoishi. Bado nasafisha zile ofisi alfajiri, halafu mchana nakwenda kwa yule bibi mzee ninayemuogesha. Mgongo unauma lakini mgongo wa nani hauumi.

Utashangaa kupata bahasha yenye stempu kama tuko mwaka wa tisini. Kaka, zile sauti nilizokutumia kwenye WhatsApp nikilia, zilifika nyumbani Uvira kabla sijafuta machozi. Shangazi alinipigia kunipa pole kwa mambo niliyokuambia wewe peke yako. Sikuulizi nani alizituma. Nimeamua tu kununua karatasi.

Sasa neno lenyewe. Gires atatoka gerezani mwezi wa tatu. Hatakuwa amemaliza kifungo chote. Atatoka kwa masharti, chini ya afisa wa probesheni, na sharti la kwanza ni anwani. Lazima iwepo nyumba, na ndani yake mtu mzima anayesema: ndiyo, aje kwangu. Hapa kwangu hawezi kurudi. Unajua kwa nini, ila narudia kwa sababu kwenye simu ulikuwa unanikatiza. Yule kijana aliyekamatwa naye na ule mzigo wa dawa za kulevya ana wenzake hapa Barking, na hao wenzake wanasema Gires ndiye aliyemtaja kwa polisi. Hakumtaja. Lakini nani atakwenda kuwaeleza? Wameshamchoma kisu mtoto wa watu kwa neno dogo kuliko hilo.

Afisa ameniambia wazi: akikosa nyumba nje ya London, atapelekwa hosteli yoyote yenye kitanda, hata kama iko basi moja kutoka mlangoni kwangu.

Kaka, mnacho kile chumba cha juu mlichokuwa mnampangisha mwanafunzi. Naomba mwanangu aje Hull. Afisa atakupigia simu. Unachotakiwa kusema ni ndiyo.

Dada yako,
Agathe


Hull, 3 Novemba 2024

Mdogo wangu mpendwa Agathe,

Amani ya Bwana ikufunike wewe na nyumba yako. Barua yako ilifika na tuliisoma kwa uzito. Huku tunamshukuru Mungu. Kanisa limepata ukumbi mpya, mkubwa, wenye maegesho, na mimi nimewekwa kuwa shemasi anayesimamia vyombo vya sauti na matangazo ya laivu. Ni kazi ya kujitolea lakini inaheshimika. Emérence goti linamsumbua, hasa kwenye ngazi. Mtoto mkubwa anajiandaa na mitihani, kwa hiyo nyumba inahitaji utulivu. Kiwandani tunafungasha samaki kama kawaida, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa.

Kile chumba cha juu paa linavuja kidogo. Nilitaka ujue.

Kuhusu lile jambo uliloandika, tunaliweka kwenye maombi. Mungu ana njia ambazo sisi hatuzioni. Mwambie Gires asome Zaburi.

Ndugu yako katika Kristo,
Ghislain


Barking, 12 Novemba 2024

Kaka,

Salamu. Plamedie mzima. Mimi mzima. Emérence apakwe dawa ya goti.

Usiliweke kwenye maombi. Liweke kwenye chumba cha juu.

Afisa alipiga simu kwako wiki iliyopita. Mkeo akapokea, akasema umesafiri. Afisa ni mwanamke mpole, hakutaka kunivunja moyo, lakini aliniambia: "Nyuma yake kulikuwa na mwanamume anaimba kwa sauti kubwa." Kaka, Hull nzima nani anaimba hivyo jikoni? Umesafiri kwenda wapi, sebuleni?

Unanihesabia goti, mitihani, paa. Sema tu kwamba unaogopa watu wa kanisa watajua shemasi ana mpwa mfungwa. Najua mliwaambia yuko chuo kikuu. Keren, binti wa rafiki yangu wa huku, alikuja huko kwenye harusi, akaulizwa Gires anasomea nini. Akajibu uhandisi, kuwafichia ninyi aibu. Mtoto wangu anasomea uhandisi ndani ya seli!

Sasa nitakukumbusha kitu, na usiseme nakukosea heshima. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Gires alikuwa bado ananyonya. Watu wa baba yake walitoka Baraka wakaja Uvira na mbuzi wao na shuka la kumpa mama, kuomba msamaha na kumchukua mtoto kwao. Walichelewa, ndiyo, lakini walikuja. Mama alitaka kukubali. Mimi sikuulizwa, nilikuwa nyuma ya pazia na mtoto kifuani. Ni wewe uliyesimama mlangoni. Nakumbuka hata shati ulilovaa. Ukasema: "Rudisheni mbuzi wenu. Mtoto ambaye mama yake hajatolewa mahari ni wa ujombani. Huyu ana baba, na baba yake ni mimi." Majirani wakapiga makofi. Ukampa jina la babu yetu. Mbuzi wakarudi Baraka, na yule mwanamume hatukumwona tena mpaka leo.

Mimi sikupinga. Nilijivuna. Nilisema, mwanangu ana mjomba.

Basi mimi nauliza: ule ubaba ulikuwa wa mtoto mchanga tu? Ulikuwa wa makofi? Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mbona mezani nimekaa peke yangu?

Kama hutaki, andika "sitaki". Herufi sita tu. Nitaitafuta ile namba ya Baraka, nitawaambia: mbuzi wenu wako wapi, mjomba amechoka.

Agathe


Hull, 8 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina lipitalo majina yote. Watoto hawajambo. Theluji imeanguka kidogo, ikayeyuka.

Ulichoandika kuhusu Baraka hakikufaa kuandikwa. Kuna maneno ambayo ndugu hawatupiani. Niliyakunja, nikayaweka, nikayakunjua tena.

Afisa alikuja Jumanne. Alikagua chumba, akafungua dirisha, akauliza nani anaishi humu na kama kuna mbwa. Emérence alimpa chai. Nimetia sahihi. Gires aje.

Lakini kuna masharti ya nyumba hii. Hakuna sigara. Jumapili kanisani. Atafanya kazi; nitamwombea kwa msimamizi wangu kiwandani. Na akinijibu jeuri sitavumilia, mimi siyo wewe.

Paa nimelitengeneza.

Ghislain


Barking, 5 Januari 2025

Kaka yangu Ghislain,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa wifi na kwa watoto. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido, koti la kazi bado mwilini, na nilipofika pale pa "Gires aje" nilikaa chini kwenye viatu vya watu. Plamedie akanikuta hapo. Akauliza kwa Kiingereza chake kama nimeanguka. Nikamwambia hapana, nimepumzika.

Nilikwenda kumwona Gires Jumamosi. Amekonda shingo. Nilimwambia, mjomba wako amekubali, naye akasema, "Ametengeneza na paa?" akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mahakamani. Mwenyewe anasema anataka kujifunza kazi ya mikono, magari au umeme, siyo kukaa na kuambiwa pole.

Masharti yako ni haki. Mshike. Lakini nami nina yangu. Anapolala usimfungie mlango, hata kwa utani. Akichelewa kujibu usidhani ni jeuri. Humo ndani wamejifunza kupima neno kabla ya kulitoa. Na usimwite mfungwa ukikasirika. Mwite jina lingine lolote, hata la mnyama.

Na jambo kubwa kuliko yote, kaka. Nakuomba kwa magoti. Asijue mtu. Watu wa huku wana ndugu huko, na watoto wa hao watu wana simu. Asiambiwe mchungaji, asiambiwe jirani, asiambiwe Shangazi wa Uvira. Mji wa Hull usitajwe pamoja na jina la Gires. Ukimwambia Emérence, mwambie na hilo.

Mungu akulipe. Nilikuandikia vibaya mwezi wa kumi na moja. Sifuti, lakini nilikuandikia vibaya.

Agathe wako


Barking, 16 Februari 2025

Ghislain,

Leo hakuna salamu.

Jumapili iliyopita baada ya ibada tulikuwa kwa Mama Keren, akina mama kama wanane hivi, tunakula fufu na samaki. Runinga yake inashika makanisa yote ya Wakongo, na kama kawaida akaweka ya kwenu, kwa sababu kwaya yenu inaimba vizuri. Nikafurahi. Nikasema, jamani tazameni, kaka yangu ndiye anayeshughulika na mitambo.

Wakafika saa ya maombi. Akasimama mkeo na kipaza sauti. Nikasema moyoni, anataka kuombewa goti.

"Wapendwa, nina mtoto wetu Gires, wa wifi yangu wa London. Tumemficha muda mrefu lakini shetani hupenda giza. Yuko gerezani. Anatoka mwezi wa tatu, anakuja kuishi nasi hapa hapa Hull, nyumbani kwangu nyuma ya soko. Tunyooshe mikono."

Mikono ikanyooshwa. Na sebuleni kwa Mama Keren akina mama nao wakanyoosha mikono yao yenye mafuta ya samaki kuelekea kwenye runinga, wanalia, "Amina, Amina, tumtoe mtoto!" Wengine walinikumbatia. Mama Keren akaniambia, "Mbona ulituficha? Tungeanza kuomba zamani." Wana upendo, wote. Na nyuma yetu kwenye ngazi walikuwa wamekaa vijana wa nyumba hiyo, waliosoma shule moja na Gires na hao wengine, na vidole vyao havikupumzika kwenye simu.

Kamera ikageuka ikakuonyesha wewe na vile vidude vya masikioni. Ulikuwa umefumba macho. Ungebonyeza kitufe kimoja, Ghislain! Kimoja! Hiyo ndiyo kazi uliyonitangazia kwa barua, ya kusimamia matangazo. Ulisema Amina. Nilikuona mdomo.

Ijumaa nimekwenda kumwona. Amekaa, hakunitazama. Akasema, "Mama, kuna mtu kwenye foleni ya chakula ameniambia Hull ni kuzuri, atatuma watu wanitembelee." Halafu akasema asingependa kutoka tena. Afadhali amalizie humo humo. Mtoto wa miaka ishirini anaomba abaki jela kwa sababu mke wa mjomba wake amemwombea.

Nimempigia afisa. Chumba chenu kimefutwa. Amesema ilikuwa vigumu kupata hicho, na sasa mwezi umebaki mmoja na siku kidogo, na Gires yupo kwenye foleni ya hosteli za London.

Usiniambie Emérence alifanya kwa nia njema. Najua. Nia njema yake ndiyo itakayomzika mwanangu, na mtakuja kuimba vizuri mazishini.

Agathe


Hull, 2 Machi 2025

Agathe,

Tumeipata.

Emérence hajala vizuri siku hizi. Alidhani mkono wa Mungu una nguvu kuliko mikono ya vijana wenye visu, na hata mimi nilidhani hivyo, na bado nadhani hivyo, lakini sasa najua Mungu hakututuma kutaja soko. Ile video nimeifuta. Najua haisaidii. Nimepumzika utumishi wa mitambo. Wameuliza sababu, sikuitoa.

Sikiliza sasa, usirarue karatasi kabla hujafika mwisho.

Unamkumbuka Talib? Tulilala naye chumba kimoja hosteli ya wakimbizi nilipofika nchi hii, yule wa Mombasa aliyekuwa akinipikia uji wakati mimi sijui hata kuwasha jiko la umeme. Ana gereji ya magurudumu sasa, na juu ya gereji vyumba viwili, anaishi mwenyewe tangu mkewe afariki. Nilipanda treni nikaenda kwake bila kupiga simu, maana jambo kama hili haliombwi kwa simu. Nilimweleza yote, hata la mke wangu na kipaza sauti. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema: "Hapa kwangu yuko salama. Mimi Mwislamu, nyie Wakongo hamtanifikia na laivu zenu." Halafu akaacha kucheka. Akauliza, "Huyu ni nani wako?" Nikamjibu, ni mwanangu. Akasema, "Basi mlete."

Afisa ameshafika huko, ameshaona, amekubali. Mji sitauandika hapa. Atafundishwa kazi ya magurudumu, na ana mshahara. Nimechukua likizo yangu yote kiwandani. Nitakaa naye pale mpaka ajue njia za kwenda na kurudi.

Nitamchukua mwenyewe mlangoni pa gereza.

Na sasa neno gumu. Usije. Wanakujua sura, wanajua gari la Mama Keren, na siku hiyo wanaweza kukufuata wewe ili wamfikie yeye. Afisa naye anasema hivyo. Ukija London kwangu, yaani nikija London kwako, nitakuambia mji kwa mdomo, sikioni.

Ghislain


Barking, 6 Aprili 2025

Kaka Ghislain,

Nakusalimu, na wifi Emérence msalimie. Ndiyo, msalimie. Sijamsamehe, lakini ale. Plamedie meno yameanza kuota, yamepinda kama ya babu. Yule bibi mzee ninayemuogesha ameanguka, yuko hospitali, kwa hiyo mchana nina nafasi kidogo ya kuandika.

Sikuja. Uliniambia nisije na sikuja. Wakati ule mlango unafunguliwa mimi nilikuwa nasafisha vyoo vya ghorofa ya tatu, vya watu ambao sijawahi kuwaona. Kila nikivuta maji nasema, sasa ametoka. Sasa amemwona mjomba. Sasa wako barabarani. Nilivuta maji mara nyingi mno, mpaka mwenzangu akaniuliza kama tumbo linanisumbua. Miaka miwili nimehesabu asubuhi hiyo, kaka, na nimeipitisha na brashi mkononi. Hasira ya jambo hilo sina pa kuiweka. Nimeiacha humo.

Ujumbe wako wa "mzigo umefika" niliupata. Neno baya, mzigo. Ndilo lililomfunga. Mara nyingine andika "mtoto amekula".

Sasa hili la kunong'onezana mji sikioni. Nimelifikiria, na nakujibu: hapana. Usiniambie. Usije London kuniambia, usiandike, usimtume mtu. Hata ukilewa divai ya harusi usiniambie.

Wiki iliyopita waligonga mlango. Wawili. Mmoja simjui. Mwingine alikuwa akija hapa akiwa mdogo, nimemlisha sambusa kwa mkono huu, na akaniita "auntie" kama zamani. Akauliza Gires yuko upande gani siku hizi, anataka tu kumsalimia. Plamedie alikuwa amening'inia kwenye sketi yangu. Nilimtazama yule kijana machoni, nikamwambia: "Sijui." Akatabasamu, kama mtu anayesubiri uongo uishe. Nikamwambia tena: "Mimi ni mama yake na sijui. Mjini gani, sijui. Namba gani, sijui. Mama yako akikuuliza kesho uko wapi, yeye atajua?" Akaona sidanganyi. Wakaondoka.

Ingekuwa najua, kaka, wangeona. Mimi uso wangu hauna pazia, unanijua tangu utotoni. Na huyu Plamedie angesikia siku moja, angesema darasani. Na siku nyingine ningechoka, Mama Keren angenishika mkono kwa upendo wake ule, nami ningefungua mdomo. Kwa hiyo acha nisijue. Mpaka mwaka wake wa masharti uishe, na mwingine juu yake kama utahitajika.

Usidhani nimetulia. Nimekasirika. Nawakasirikia hao vijana, na Gires mwenyewe kwa kubeba ule mzigo wa kwanza, na mkeo, na wewe na Amina yako. Nakasirikia na nchi hii ambayo mama analazimika kumpoteza mwanawe kwa makusudi ili asimpoteze. Lakini ulikwenda mlangoni. Hilo nimeliona.

Asinipigie kwa sasa. Mwambie siyo kwamba sitaki. Mwambie hivyo hivyo, kwa Kiswahili, siyo kwa kifupi. Mwambie amheshimu Mzee Talib, amsaidie kufunga gereji jioni, na mwezi wa Ramadhani ukirudi asile mbele yake. Akikosea mkanye faraghani. Maharage hali, usimlazimishe.

Na kama huko aliko kuna baridi kuliko Hull, usiniambie. Mnunulie tu koti.

Dada yako,
Agathe